Sikio la Mtoto wa Kopo

Baba yangu ana miaka hamsini na moja, na watu wazima wenzake wanamwita Kopo. Hawamdharau. Ni jina la heshima, kama wengine wanavyoitwa Kapteni au Profesa bila kuwahi kuona meli wala chuo. Alipokuwa na miezi saba, Bibi, yaani mama yake mzazi, alituma picha kwenye shindano la watoto la kiwanda kimoja cha maziwa ya unga. Picha ikashinda. Tangu hapo sura ile iko kwenye kopo: mtoto mnene, shati jeupe, anacheka bila jino hata moja. Nusu karne sasa watu wanachota maziwa huku anawatazama.

Naandika habari hizi kwa sababu mimi ni binti yake, na pia ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kuandika watu walivyosema, si walivyotamani wawe wamesema. Nitajitahidi. Pale nitakapokasirika nitasema nimekasirika.

Baba ni fundi wa mizani. Anatengeneza mizani za maduka, za bucha, za posta, na ile ya kliniki ya watoto ambayo huwa anaiendea mwisho, akishamaliza wateja wote. Anafungua, anapiga brashi, anabadilisha springi, anaweka mawe yake ya shaba moja baada ya jingine mpaka mshale useme kweli, kisha anafunga kwa waya na kupiga lakiri, ule muhuri wa kwamba haifunguliwi tena. Akishapiga lakiri, imekwisha. Muuza nyama mmoja aliwahi kumwomba ailegeze springi kidogo, kiasi cha ukucha tu. Baba alikusanya vifaa vyake na hatujala nyama ya bucha ile mpaka leo, ingawa ndiyo iliyo karibu na nyumbani na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenye ile ya mbali.

Ukweli wake hauna adabu. Siku ya harusi yangu shangazi alimuuliza kama bibi harusi hakupendeza. Akasema, "Wastani." Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Lakini mbele ya kopo lile Baba alikuwa mtu mwingine. Akimaliza kutengeneza mizani ya duka, haondoki. Anasogea kwenye rafu ya maziwa, anasimama. Muuza duka asipoelewa, Baba anakohoa. Kwenye karakana yake kuna makopo arobaini na moja ya skrubu na misumari, na yote sura imeangalia mbele. Kiwanda kikibadilisha rangi ya kopo, anawaandikia barua ya kuwashukuru kwa kumwacha. Mwaka walioipunguza sura ikawa sawa na kidole gumba, aliugua siku mbili, na Mama, enzi za uhai wake, akampikia uji.

Sasa niseme habari ya sikio. Sikio la kushoto la Baba limekunjika juu, kama mtu aliyekunja kona ya ukurasa ili asipoteze alipofika. Nyumbani kwetu kila mtu alijua sababu, kwa kuwa Bibi alituambia: utotoni alikuwa akilalia upande mmoja. Kwa hiyo mimi na kaka zangu tulilelewa kwa kugeuzwa. Ukilala ubavu wa kushoto, saa haiishi, mkono wa Baba unakuja kukupindua. Mdogo wangu alifika darasa la tatu bila kujua kwamba watoto wengine wanaachwa walale.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike. Tunamwita Jaji, kwa sababu ya namna anavyomtazama mtu. Alitoka akiwa na sikio la kushoto lililokunjika juu. Alikuwa na dakika mbili duniani, hajapata nafasi ya kulalia kitu. Baba aliletwa wodini, akamtazama mjukuu wake.

"Atakuwa alilalia tumboni," akasema.

Hatukubishana. Baba huwa habishaniwi jambo ambalo ameshalipigia lakiri.

Jaji alipotimiza miezi saba, kiwanda kikatangaza kwamba kopo lenye sura linatimiza miaka hamsini, na kwamba wanatafuta mtoto wa pili. Unatuma picha kwa simu, watu wanapiga kura, sura ya mshindi inachapwa upande wa pili wa kopo, mgongo kwa mgongo na yule wa kwanza. Wiki hiyohiyo afisa matangazo wao, mwanamama mwenye sauti ya haraka, akampigia Baba simu. Walikuwa na barua zake zote. Walitaka Jumamosi ya sherehe apande jukwaani, asaini picha yake ya utotoni mbele ya watu, kisha amkabidhi mshindi zawadi. Baba alisimama wakati anaongea naye. Alipomaliza alinyoosha shati lake ambalo lilikuwa limenyooka.

Nami nikapagawa, sikatai. Nilijua mwanangu si mtoto wa kucheka ovyo, lakini damu ni damu. Nikajiona nimebeba kopo, upande mmoja baba yangu, upande mwingine binti yangu, na mawifi zangu wote wanakunywa chai nalo.

Picha tulipiga sebuleni kwa Baba, mwanga wa dirishani, mume wangu ameshika simu. Tulitikisa funguo. Tulipiga makofi. Mume wangu, ambaye anaendesha lori la mikate na ana mwili wake, alijifanya paka. Jaji alimtazama kama mtu anayeahirisha kesi. Baba akaleta mawe yake ya shaba, akayapanga mbele yake kutoka kubwa hadi dogo. Mtoto akachukua la gramu hamsini, akalipima mkononi, akalirudisha.

"Mvalisheni kofia," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Kofia ya nini, Mama?" Baba akauliza. "Asifichwe. Sikio si wizi."

"Nimesema mvalisheni kofia. Upepo."

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Tukamvalisha kofia, Baba akaivua, Bibi akasema tena, Baba akaivua tena. Katika picha thelathini na moja hakuna hata moja ambayo amecheka. Niliyoituma ni ile ambayo amegeuka kumtazama Bibi, amekunja uso, sikio limekuja mbele kabisa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilitembea. Niliomba kura kwa mawakili, kwa askari wa mahabusu, kwa mama anayefagia ngazi za mahakama. Mshtakiwa mmoja wa kesi ya wizi wa simu alisema yuko tayari kumpigia kura mwanangu endapo nitamwazima simu yangu. Sikumwazima.

Jumatano kabla ya sherehe ilikuwa siku ya kliniki. Nilipofika na Jaji, nikamkuta Baba juu ya kigoda, amefungua mizani ya kuning'iniza, ile yenye kaptula ya kitambaa ambayo mtoto anavalishwa kisha anatundikwa kama mfuko wa sokoni. Ilikuwa inapunguza gramu mia mbili. Wamama walikuwa kwenye mabenchi wanasubiri. Baba alitundika mawe ya kilo tano, mshale ukasema kilo tano, akashuka. Nesi akamvalisha Jaji kaptula, akamtundika, na wakati anamsawazisha akamshika sikio.

"Huyu hana haja ya kupimwa damu," nesi akasema. "Sikio la babu yake hili hapa."

"Langu ni la kulalia," Baba akajibu. "Niliharibika utotoni."

"Kulalia wapi, mzee wangu?" Nesi alikuwa anacheka, hakuwa na nia mbaya. "Mto haukunji sikio namna hii. Hili mtu anazaliwa nalo. Ona, ana na kinundu hapa juu. Hebu inama." Baba akainama. Nesi akapapasa. "Na wewe unacho. Ni lilelile, baba. Ulikuja nalo."

Baba akabaki ameinama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mtoto aliposhushwa, Baba akapiga lakiri, akachukua mfuko wake, akaondoka akiwa amesahau bisibisi juu ya meza. Nilimbeba Jaji, nikamfuata nayo. Tangu nimemjua Baba hajawahi kusahau bisibisi.

Tulikuwa tumevuka barabara mbili ndipo aliposema, "Kama nilizaliwa nalo, lilikuwepo siku ya picha."

"Labda picha ulipigwa kwa upande wa pili."

"Nimepigwa kwa upande huuhuu. Ni maandishi ya kopo tu yamelipita juu."

Niliogopa. Naomba nieleze niliogopa nini, maana si kila mtu ataona ukubwa wake. Baba si mtu wa sura. Ni mfupi, mkavu, hajui kuchekesha, na akiingia mahali watu hawageuki. Katika maisha yake yote alikuwa na ushahidi mmoja tu kwamba aliwahi kuingia duniani na dunia ikafurahi, na ushahidi huo ni kopo la maziwa. Nyumbani hakuna picha yake nyingine ya utotoni. Kama yule si yeye, basi hatujui yeye alikuwa nani. Tena Jumamosi alitakiwa apande jukwaani asaini kwamba ni yeye, mtu ambaye hakukubali kulegeza springi kiasi cha ukucha.

Alhamisi picha ya kusainiwa ikaletwa nyumbani. Afisa matangazo aliitafuta ile yenyewe ya zamani kwenye makabati ya kiwanda, akaikuza ikawa kubwa kama mlango. Kwenye kopo, sehemu ya sikio huwa imepitiwa na maandishi. Hapa hapakuwa na maandishi. Baba akaitandaza mezani, akaweka mawe ya shaba kwenye pembe zake nne, akachukua kioo cha kukuzia anachosomea vipimo vidogo. Sikio la kushoto la mtoto yule lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Baba akaniomba nimlete Jaji. Akamlaza kando ya picha, akatazama huku, akatazama kule, kama anavyofanya anapokuwa na mizani mbili na anajua mojawapo ni nzima.

Kisha akaenda chumbani kwa Bibi, nami nikamfuata na mtoto.

Bibi alikuwa anafumua sweta la zamani ili apate uzi. Aliponiona tu akasema nimlaze mtoto kitandani, nimshikie uzi, akanizungushia mikononi. Ndiyo maana ushahidi unaofuata sikuuandika papo hapo. Nimeuandika kwa kumbukumbu, lakini kumbukumbu yangu naitegemea.

"Mama," Baba akasema, "yule mtoto wa kwenye kopo ni nani?"

Bibi hakuinua macho. "Simjui."

Baba akakaa kwenye sanduku. Sikuwahi kumwona akikaa bila kuangalia anapokalia.

"Humjui."

"Nitamjuaje, mwanangu? Nilimwona siku moja, kwenye bahasha." Aliendelea kuvuta uzi. "Kiwanda kilisema watoto wote wavae nguo nyeupe. Sasa mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa na tabia yake, watu alikuwa anawatambua kwa nguo. Wewe ni shati la mistari, wewe ni gauni la maua. Hakuwa anaandika majina, kichwa chake kilikuwa kinamtosha. Siku ile wakaja watoto arobaini, wote nguo nyeupe. Nilipokwenda kuchukua picha akanipa ile. Nikamwambia, huyu si wangu. Akasema, mama, shati si jeupe? Nikasema ni jeupe. Akasema, basi ni wako. Nikamwambia wangu ana sikio. Akasema hata huyu ana masikio, tena mawili."

"Ukaondoka nayo."

"Posta ilikuwa inafungwa saa kumi. Siku yenyewe ndiyo ya mwisho."

"Ungeniacha nisishindane, Mama. Kwani kushinda kulikuwa na nini?"

Hapo Bibi akaacha uzi.

"Zawadi ilikuwa maziwa ya mwaka mzima," akasema. "Mimi yangu yalikatika wewe ukiwa na miezi miwili. Baba yako ameshafariki. Ulikuwa unanyonya hewa. Nilikuwa sikupeleki kwenye shindano la uzuri, nakupeleka kwenye maziwa. Nilipomwona yule mtoto kwenye bahasha, mnene, anacheka, nikasema huyu ndiye atakayeyapata. Nikalamba stempu."

Jaji alikuwa kitandani, anamtazama Bibi.

"Wakaja na gari kuleta makopo," Bibi akaendelea. "Nikakufunika hadi puani, nikasema una homa. Uongo wenyewe nilidhani ni wa siku moja tu, kumbe wanakwenda kuuchapa kwenye bati! Kopo lenye sura lilipotoka, ulikuwa na mwaka na zaidi. Ulikuwa umeshanywa maziwa yao mpaka mashavu yamejaa. Watu wakasema, jamani, ni yeye yuleyule. Nami nikawaitikia. Sikio nikasema umelilalia."

"Na mama wa yule mtoto? Hakudai?"

"Labda na yeye alipewa wa mtu mwingine, akamzoea."

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilikumbuka mikono iliyokuwa inanipindua usingizini kwa sababu ya sikio la kutungwa. Lakini Baba hakukasirika. Aliuliza swali moja, kwa sauti ambayo huwa anaulizia kama mzigo umefika.

"Yangu mimi iko wapi?"

"Umeikalia," Bibi akasema.

Akainuka. Bibi akafungua sanduku, akatoa shuka zake za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzilalia, na chini yake kabisa kulikuwa na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Alikwenda kuidai kwa mpiga picha wiki moja baada ya kutuma ile nyingine, akaikuta kwenye droo ya picha zisizo na wenyewe. Akampa Baba.

Mtoto aliyekuwa humo hakuwa na mashavu. Shingo ilikuwa nyembamba mno kwa kichwa, shati jeupe limemzidi kote. Alikuwa anaitazama kamera kama mtu aliyeambiwa arudi kesho, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu. Nikageuka kumtazama Jaji, nikageuka kuitazama picha. Ukimpunguza Jaji nyama zote, unampata yule.

"Watu wangeniuliza huyu ni nani," Bibi akasema. "Ile nzuri niliwapa wao. Yako sikumpa mtu."

Baba akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo madogo, yamejaa kutoka juu hadi chini na mengine yamepanda pembeni. Zilikuwa tarehe na uzito. Kilo nne na robo tatu. Kilo nne na robo tatu. Kilo tano. Kila baada ya siku saba, mstari mmoja. Baba akatoa kioo chake mfukoni, akaanza kuzisoma kama anavyosoma kazi ya fundi mwenzake.

"Ulikuwa unapima wapi?"

"Kliniki. Kila Jumatano. Maziwa nilikupa, sasa nitajuaje kama yanakaa?"

"Hapa nilishuka."

"Uliharisha. Ulishuka robo. Wiki ile sikuandika vizuri, mkono haukukaa."

Kweli mwandiko wa mstari ule ulikuwa umelala.

"Na hapa umeruka. Ni siku tisa, si saba."

"Hapo mizani yao iliharibika. Nilifika asubuhi, wakasema mama, mizani imekufa, urudi Ijumaa." Bibi akachukua ncha ya uzi, akaiacha. "Zile siku mbili sikulala. Nilikuwa nakubeba huku na huku nakukadiria kwa mkono. Mkono unasema umepungua. Kidogo tena unasema umeongezeka. Mkono si mizani, mwanangu."

"Ijumaa ikawaje?"

"Soma."

Baba akasoma. "Kilo tano na nusu."

"Ndiyo."

"Mizani yenyewe walikuwa wameitengeneza sawasawa?"

"Sijui. Mimi nilikuwa natazama mshale."

Mstari wa mwisho, chini kabisa pembeni, uliandikwa: Kilo tisa na robo. Basi.

Hapo mimi nililia. Mikono yangu ilikuwa imejaa uzi, kwa hiyo sikuweza hata kujifuta, na hakuna aliyenifuta. Baba alikaa na ile picha magotini, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Ndiyo maana ulinipeleka kwa fundi wa mizani nikajifunze kazi?" akauliza hatimaye.

"Nilikupeleka huko kwa sababu fundi cherehani alikukataa," Bibi akasema. "Alisema una mkono mzito."

Ijumaa Baba akawaandikia kiwanda barua, akanipa niipige chapa kazini. Sikuongeza neno. Ilisema hivi: Mtoto aliye kwenye kopo si mimi. Mimi ndiye niliyepewa maziwa. Nilianza na kilo nne na robo tatu, nikafika tisa na robo kwa wiki thelathini na moja. Nawashukuru. Jukwaani sitafika.

Afisa matangazo akapiga simu jioni hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na sherehe kesho yake.

"Mzee, nani atajua?" akasema. "Miaka hamsini! Njoo tu upige picha, ule keki, urudi nyumbani."

"Mimi nimeshajua," Baba akasema, akamtakia kazi njema.

Jumamosi walipandisha jukwaani mtu mwingine, mrefu, mwenye kitambi cha wastani. Tulimwona kwenye gazeti la Jumapili, chini ya maneno kwamba mtoto wa kopo amerudi. Wengine wanasema ni mhasibu wao. Baba alimkagua kwa kioo cha kukuzia. "Huyu angalau masikio yanalingana," akasema, akakunja gazeti. Jaji alipata kura thelathini na nane. Thelathini na sita nawajua wenyewe kwa majina. Mshindi ni mtoto mnene, anacheka, sina neno naye.

Makopo bado yako karakanani, maana skrubu zinahitaji pa kukaa, na watu bado wanamwita Kopo, naye anaitika. Lakini akimaliza mizani ya duka siku hizi anaaga na kwenda. Ile picha ya kweli ameiweka sebuleni, kwenye kabati la vioo, ameigeuza upande wa penseli uangalie nje. Wageni wanadhani ni makosa. Shangazi alinyanyuka ili aigeuze, Baba akamwambia akae, ndivyo inavyosomwa.

Na kitu kimoja kingine, ambacho nesi ndiye aliyenisimulia, Baba mwenyewe hajakisema. Kliniki ilikuwa mteja wake wa mwisho, tena wa kusukumwa. Sasa anafika pale kila Jumanne mchana, hakuna aliyemwita. Anapanda kigoda, anatundika mawe yake, anatazama mshale, anashuka. Nesi alimwambia, "Mzee, mbona haijaharibika?" Akajibu kwamba anaona. Nesi akamwambia tena kwamba ikiharibika watamwita, wamama watasubiri tu, hata mpaka Ijumaa.

"Hapana," Baba akasema. "Wapimwe kesho."